Mpagazi wa Kandanda na Ujira Wake

Mji wa Tabora umezoea kuona watu wanaopita. Katika karne ya 19, ulipokuwa ukijulikana kwa majina ya Kazeh na Unyanyembe, ndipo zilipokutana njia kuu za misafara: moja ikielekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na ya tatu ikirudi mashariki hadi Bagamoyo, mkabala na kisiwa chetu cha Unguja. Pembe zilizouzwa Unguja zilifika pwani juu ya mabega ya watu. Siku hizi hapiti tena mpagazi wa pembe. Hupita, pamoja na wengine, wacheza kandanda, ambao huja kwa msimu mmoja au miwili, kisha wakafunga virago. Maoni yetu ya leo yanawahusu hao, na hasa wale ambao majina yao hayaandikwi kwa herufi kubwa.

Hatuna haja ya kutafuta mfano mbali na Visiwani. Adi Yussuf alizaliwa Zanzibar mwezi Februari 1992, akakulia katika mji wa Leicester huko Uingereza. Alilelewa kimchezo katika timu ya vijana ya Leicester City, lakini mlango wa timu kubwa haukumfungukia. Tangu hapo maisha yake yakawa ya kituo hadi kituo. Alizichezea Burton Albion, Lincoln City, Oxford City, Mansfield Town, Grimsby Town, Barrow na Solihull Moors. Mwaka 2019 alisajiliwa na Blackpool, na baada ya hapo majina ya Boreham Wood, Wrexham, Chesterfield na Yeovil Town yakaongezeka katika orodha yake. Klabu hizo zimetapakaa huku na huko, na wengi wetu hatungeweza kuzionyesha katika ramani.

Yafaa tueleze ngazi ya kandanda la Uingereza ilivyo. Juu kabisa ipo Ligi Kuu yenye klabu 20. Chini yake yapo madaraja matatu yenye klabu 24 kila moja, na jumla yake ni klabu 92. Daraja la tano lina klabu 24 nyingine, na la sita limegawanyika sehemu mbili, kaskazini na kusini. Sisi huku tunaitazama ngazi ya juu katika televisheni na kudhani kwamba hiyo ndiyo Uingereza yote. Huko chini mambo ni mengine. Mikataba mingi ni mifupi na aghalabu humalizika mwishoni mwa Juni, na kabla ya hapo klabu hutangaza orodha ya wanaobaki na wanaoachwa. Mtu mwenye mke na watoto hajui Agosti itamkuta katika mji gani. Zipo klabu ambazo wachezaji wake hufanya mazoezi jioni tu, kwa sababu mchana wana kazi nyingine za kuwapatia riziki.

Wapo watakaosema kwamba mchezaji wa namna hiyo ameshindwa. Sisi hatukubaliani nao. Katika msimu wa 2018/19, Solihull Moors ilishika nafasi ya pili katika daraja la tano, na mwaka huo huo Adi Yussuf akaitwa katika kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda Misri kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania kufika fainali hizo tangu zile za Lagos za mwaka 1980. Katika fainali zilizochezwa Ivory Coast mwezi Januari 2024, taifa letu liliwategemea tena vijana wa madaraja hayo ya chini, akiwamo Haji Mnoga na Tarryn Allarakhia, wote wawili waliozaliwa Uingereza. Ni dhahiri basi kwamba watu tusiowajali siku za kawaida ndio tunaowapigia hodi siku ya haja.

Mtu wa namna hii si mgeni katika historia yetu. Zamani alikuwa akiitwa mpagazi.

Wanyamwezi waliijua kazi ya safari kabla ya wageni wengi kuijua njia. Kijana wa Unyamwezi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, akatembea kwa miezi mitatu au minne hadi pwani, na akirudi nyumbani alihesabiwa kuwa mtu mzima. Kazi hiyo ilikuwa na taratibu zake. Yalikuwapo mapatano ya ujira kwa doti za nguo, ushanga au nyaya za shaba, na baadaye kwa fedha. Ilikuwapo posho ya njiani. Wale walioandikwa Unguja na pwani waliweza kudai sehemu ya ujira mbele, kama arbuni, kabla ya kuinua mzigo. Alikuwapo kirangozi aliyetangulia na kupanga mwendo. Na mapatano yakivunjwa, wapagazi walikuwa na jibu lao: waliweka mizigo chini usiku, na asubuhi mwenye msafara akaamka peke yake na bidhaa zake. Wasafiri wa Kizungu wamejaza kurasa za vitabu vyao kwa malalamiko juu ya utoro huo. Ni wachache waliojiuliza kama posho ilikuwa imelipwa.

Hatusemi kwamba njia ile ilikuwa ya heri. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo, na kisiwa chetu kilikuwa soko lao hadi lilipofungwa mwaka 1873. Tofauti ya mtumwa na mpagazi haikuwa uzito wa mzigo, kwani pengine wote wawili walibeba pembe zilizo sawa. Tofauti ilikuwa ni mapatano, na haki ya kuyakataa yakivunjwa. Hilo ndilo tunalotaka viongozi wetu wa michezo walizingatie.

Sasa tuitazame Tabora ya miaka hii. Mwezi Agosti 2023 timu ya mji huo, iliyokuwa imepanda Ligi Kuu kwa jina la Kitayosce na kuitwa Tabora United, ilifungua msimu dhidi ya Azam huko Chamazi. Ilishuka uwanjani na wachezaji wanane tu, kwa kuwa waliosalia hawakuwa na ruhusa ya kucheza. Sheria za mchezo haziruhusu timu kuendelea ikiwa imebakiwa na watu chini ya saba. Baada ya kuumia baadhi ya wale wanane, mchezo ulivunjika katika kipindi cha kwanza, Azam ikiwa mbele kwa mabao manne. Waliocheka walikuwa wengi. Lakini wale wanane hawakuwa na kosa lolote. Walibeba mzigo wa watu kumi na mmoja kwa sababu karatasi za ofisini hazikukamilika kwa wakati.

Timu hiyo hiyo, mwezi Novemba 2024, iliifunga Yanga mabao 3 kwa 1 huko huko Chamazi, na siku chache baadaye Yanga ikaachana na kocha wake. Katika msimu huo Tabora ilikuwa naye Héritier Makambo, mshambuliaji kutoka Kongo, ambaye kabla ya hapo aliichezea Yanga, akaenda Horoya ya Guinea, kisha akarudi Yanga. Huyo naye ni mtu wa vituo, na kituo kimoja chake kilikuwa Tabora. Kati ya Agosti ile na Novemba hii mji ulikuwa ule ule na jua lake lile lile. Timu yenye watu kamili walioandikishwa kwa halali huweza kumwangusha bingwa, na timu isiyokamilisha wajibu wake huwaaibisha hata vijana wake hodari.

Mwaka 2025 klabu hiyo iliingia mikononi mwa mamlaka ya mapato, ikapewa jina la TRA United. Wazee wa Tabora wanaokumbuka habari za hongo, ile ada ambayo misafara ililipa kwa watemi ili ipite salama, huenda walitabasamu kusikia kwamba mtoza ushuru sasa ndiye mwenye msafara. Sisi tunalichukulia jambo hilo kwa wema. Anayejua kudai kwa tarehe anatarajiwa kulipa kwa tarehe, na hapo klabu nyingine zitapata mfano.

Kuna jambo jingine ambalo hatuna budi kuwaeleza vijana bila kuwaficha. Njia aliyopita Adi Yussuf haiko wazi kwa kijana aliyezaliwa na kukulia Ipuli au Kitete, wala kwa yule wa Makunduchi au Wete. Adi Yussuf alikulia huko huko. Kijana anayetoka kwetu hukutana na sharti la kibali cha kazi, linalopima hadhi ya taifa lake katika kandanda na idadi ya mechi alizolichezea, na kipaji peke yake hakimpitishi. Wakala anayemwahidi mzazi kwamba atampeleka mwanawe Uingereza moja kwa moja kutoka kiwanja cha mtaani, ama hajui anachosema, ama anajua na anadanganya.

Njia iliyofunguka zaidi kwetu ni ile ya kale ya magharibi. Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa misafara, alitoka upande wa Usumbwa, akaenda Katanga na kusimamisha dola yake huko Bunkeya, akaitawala hadi alipouawa mwezi Desemba 1891. Mbwana Samatta naye alikwenda Katanga, katika mji wa Lubumbashi, akajiunga na TP Mazembe mwaka 2011. Hapo alitwaa ubingwa wa Afrika wa mwaka 2015, akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Safari hiyo ilimchukua miaka tisa, kituo kwa kituo. Kijana na aoneshwe miaka hiyo tisa, wala asioneshwe picha ya siku ya mwisho peke yake.

Tukirudi katika haki, sheria ipo. Kanuni za FIFA, tangu mwaka 2018, zinampa mchezaji ambaye hajalipwa mishahara miwili ya mwezi haki ya kuvunja mkataba, baada ya kuiandikia klabu na kuipa siku 15 za kulipa. Huo ndio ule uamuzi wa mpagazi wa kuweka mzigo chini, ila sasa umeandikwa. Kadhalika, mchezaji anapouzwa nje kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Lakini mtu wa vituo aghalabu hauzwi. Mkataba wake humalizika, naye huondoka akiwa huru, na klabu ya mtaani iliyomfundisha haipati hata senti. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba wachezaji wa daraja la chini watazitajirisha klabu zetu. Faida yao ni maisha yao wenyewe, na maisha hayo ndiyo yanayotaka kulindwa.

Hapa Visiwani tunalikumbuka sana suala la Feisal Salum. Mvutano wa mkataba kati yake na Yanga ulianza Desemba 2022 na haukwisha hadi Juni 2023, alipohamia Azam, baada ya Rais mwenyewe kuwasihi viongozi wa klabu walimalize. Feisal alikuwa na jina, na jina lake lilifika Ikulu. Lakini yupo kijana wa daraja la pili ambaye jina lake halifiki hata ofisi ya wilaya. Rais wa nchi hawezi kuwa msuluhishi wa kila mkataba.

Kwa hiyo tunawashauri wanaohusika, Bara na Visiwani, mambo manne. Kwanza, klabu isipewe leseni ya msimu mpya mpaka ithibitishe kwamba imelipa mishahara ya msimu uliopita, na agizo hilo lisibague klabu kubwa wala ndogo. Pili, kila mkataba uandikwe kwa Kiswahili, usomwe mbele ya mchezaji na, akiwa mdogo, mbele ya mzazi wake, naye aondoke na nakala yake mkononi. Tatu, vyama vya wilaya viweke daftari la kila mtoto kuanzia miaka 12, la klabu aliyochezea na mwaka, kwa kuwa klabu isiyo na kumbukumbu haina cha kudai siku mwanawe atakapouzwa. Nne, mchezaji mwenye mshahara ni mwajiriwa kama mwajiriwa mwingine. Michango yake ipelekwe ZSSF kwa huku na NSSF kwa Bara, kwani miguu huchoka kabla ya mtu kufika miaka 40, na maisha yaliyobaki ni marefu.

Hakuna katika mambo haya linalohitaji msaada wa nje wala kamati mpya. Yanahitaji ofisa atakayefungua faili na kuuliza: je, huyu amelipwa?

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Nasi tunaikubali kauli hiyo, ila tunakumbusha kwamba tunzo ni hisani ya mtazamaji, na ujira ni deni la mwajiri. Tumewatunza mashujaa wetu kwa magari na viwanja walipoleta ushindi, na hilo ni jema. Yule mwingine, anayefungasha mkoba wake mwisho wa kila msimu kutoka Tabora kwenda Kigoma, au kutoka Kigoma kwenda Lubumbashi, hakuomba gari. Anaomba alipwe alichoahidiwa, siku aliyoahidiwa.