Maji ya Ubatizo Yako Tayari, Hewa Je?



Mtoto njiti anapozaliwa katika kijiji cha mbali cha Mbulu au Hanang, naye hajalia, jambo la kwanza ambalo wengi wetu hulikumbuka ni kumbatiza. Ni jambo jema. Kila mlei aweza kubatiza penye hatari ya kifo, na makatekista wamelifundisha hilo kwa uaminifu. Lakini twauliza: mbona katika chumba hicho hicho kikombe cha maji hupatikana mara moja, na mfuko mdogo wa kumpulizia mtoto hewa haupatikani, au umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amekwenda mnadani? Mtoto akiisha kufa, tunasimama kaburini na kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Usemi huo Tume ya Haki na Amani haiwezi kuunyamazia, kwa maana unamtwika Mungu mzigo ambao ni wa wanadamu.

Yafaa kwanza kujua linalotendeka. Mtoto akiwa tumboni, mapafu yake hayana hewa, yamejaa majimaji. Anapozaliwa, pumzi za kwanza huyasukuma majimaji hayo yaingie mwilini, na hewa ikashika nafasi yake. Katika watoto 100, wapatao 85 huyafanya hayo wenyewe, na wengine kama 10 huanza wakikaushwa na kusuguliwa mgongoni. Wachache wanaobaki wanahitaji mtu wa kuwapulizia hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso. Njiti ana shida ya pili. Ndani ya mapafu yaliyokomaa kuna utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane, nao hautoshi mpaka mimba ikaribie majuma 34 au 35. Asiye nao, kila anapotoa pumzi, vifuko vyake hunata kama nailoni iliyoloa, naye huanza upya kazi ya kuvifungua, hata nguvu zikamwishia.

Mwaka 1963, mwezi wa Agosti, Rais Kennedy wa Marekani, Mkatoliki mwenzetu, alizaliwa mtoto wa kiume aliyetangulia siku zake kwa majuma matano na nusu. Aliitwa Patrick. Aliishi saa 39. Baba yake alikuwa na uwezo wa kuwaita madaktari wote wa nchi ile, na hakuna aliyeweza kumponya, kwa sababu dawa ya ugonjwa ule haikuwapo duniani. Mbele ya jeneza lile mtu aliweza kusema kwa haki kwamba wanadamu walifika mwisho wa uwezo wao. Leo njia zimepatikana, tena nyingine zimepimwa na kuthibitishwa hapa hapa Mbulu. Anayerudia maneno ya mwaka 1963 kwa mtoto aliyekufa mwaka huu anasema jambo jingine kabisa.

Tunasema Mbulu kwa kuwa hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Pale Haydom, katika hospitali ya Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, wakunga na watafiti wamesimama kwa miaka mingi wakiwa na saa mkononi kando ya vitanda vya uzazi. (Sisi Wakatoliki hatuoni haya kujifunza kwa Walutheri; pumzi ya mtoto haina dhehebu.) Mwaka 2012 Dk. Hege Ersdal na wenzake walitangaza kwamba kwa mtoto asiyepumua, kila nusu dakika ya kuchelewa kuanza kumpulizia hewa iliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 16. Nusu dakika! Ni muda wa kusali Salamu Maria moja na nusu. Basi ufunguo wa kabati si jambo dogo.

Hapo tunafika kwenye neno ambalo halitawapendeza wote. Katika nchi yetu tumezoea kudhani kwamba tatizo likishafanyiwa semina limekwisha. Watu hukusanyika hotelini, hula, hutia sahihi ya posho, hupewa vyeti, na gari la mfadhili huondoka. Haydom walilipima hilo pia. Baada ya mafunzo ya siku moja, wahudumu walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere wa mazoezi. Lakini walipokuja watoto wenyewe, mabadiliko hayakuonekana. Ndipo wakageuza njia: mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, pale pale kazini. Estomih Mduma na wenzake waliandika mwaka 2015 kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mpango wenye msingi huo ulipelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ukiwamo, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Mazoezi ya dakika chache hayana posho. Labda ndiyo sababu hayana wapiga debe.

Wapo watakaosema: hayo ni ya hospitali, zahanati yetu ina muuguzi mmoja. Twajibu kwamba muuguzi mmoja ndiye mwenye haki kuliko wote ya kuwa na mfuko safi, mwanasesere, na mtu wa kufanya naye mazoezi. Wala hatusemi kwamba mfuko peke yake unamtosha njiti. Humpa mwanzo, baada ya hapo anahitaji hospitali yenye mashine ya kusukuma hewa taratibu ili vifuko visifunge.

Tena mapafu ya njiti huweza kuandaliwa kabla hajazaliwa. Sindano za deksamethazoni akipewa mama ambaye uchungu umemjia mapema huyakomaza. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, uliofanyika katika nchi tano, Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba katika hospitali zenye huduma ya kutosha, waliokufa walikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata dawa, na 23.5 kwa wasiopata. Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2015 ulionya: dawa hiyo ikitawanywa ovyo, pasipo kujua umri wa mimba wala kuwa na huduma ya njiti, huleta madhara. Kwa hiyo mahali pake ni hospitali, na mama hana budi kufika kabla mtoto hajatoka. Swali la mapafu limegeuka swali la barabara, la nauli, na la mume anayesema tungoje kwanza tuvune.

Mnakumbuka tarehe 3 Desemba 2023, matope ya Mlima Hanang yalipofunika Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Taifa zima lilikuja. Barabara zilifunguliwa kwa matingatinga, michango ikamiminika, na parokia zikatoa kwa moyo. Tulifanya vema. Njiti wanaokufa mmoja mmoja nyuma ya milima hiyo hiyo hawafungui barabara yoyote. Wengine huzikwa kabla jirani hajajua kwamba walizaliwa.

Na anayebaki na lawama ni mama. Wazee wa Kiiraqw walikuwa na desturi ya metimani, ambayo kwayo mwanamke aliyepoteza mimba au mtoto mchanga alitengwa na watu. Desturi imefifia, lakini jicho la kumtuhumu halijafumba: alibeba kuni nzito, alikula kitu fulani, ana mkosi. Tunasema waziwazi kwamba kumtenga mama huyo, na kuiachia zahanati isiyo na kifaa, ni dhuluma juu ya dhuluma.

Lipo pia jambo lisilodai mashine. Utafiti wa mwaka 2021, ambao Tanzania ilishiriki, ulionyesha kwamba njiti wanaowekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa asilimia 12.0, na waliongojea kwanza watengemae walikufa 15.7. Mama akichoka, baba naye ana kifua. Wanaume wa parokia zetu wanaoona haya kufanya hivyo na waje tuzungumze.

Basi katika mkutano mkuu wa kijiji ujao, viongozi wa jumuiya wasimame mbele ya mtendaji na kuuliza: mfuko wa hewa wa zahanati yetu uko wapi, na ufunguo uko kwa nani? Ni nani aliyefanya mazoezi nao juma hili? Kila nyumba yenye mjamzito inaijua namba 115 ya mpango wa m-mama, ambayo hupigwa bila malipo kuita usafiri wa dharura? Gari lisipoweza kupita wakati wa masika, ni kijana gani mwenye pikipiki amewekwa zamu? Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, na nakala iletwe parokiani kabla ya mwisho wa mwezi.