Barua kwa Jamaa wa Bagamoyo Juu ya Uhandisi wa Jumla

Kwa wazee wangu, ndugu zangu na vijana wa Bagamoyo, tangu Dunda na Magomeni hata Kaole, Mbegani na Zinga.

Kilichonishikisha kalamu ni swali linalonijia kwa simu kutoka nyumba nyingi: kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa fizikia, kemia na hisabati, naye amekubaliwa na chuo kikuu cha huku Uingereza kinachofundisha uhandisi wa jumla, je, aende, na akirudi atakula nini? Kwa kuwa swali ni la wengi, nimeona heri jibu nalo liwe la hadhara.

Elimu hiyo si bidaa. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwanafunzi wa uhandisi husoma mitambo, umeme na ujenzi kwa pamoja miaka miwili ya mwanzo, ndipo huchagua tawi. Oxford na Durham nako desturi hukaribiana na hiyo. Kwetu mambo yalianza kwa njia nyingine. Kijana wa Tanganyika aliyetaka shahada ya uhandisi hakuwa na budi kwenda Nairobi au ng'ambo, mpaka mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Na taifa changa, lililohitaji barabara, umeme na viwanda kwa wakati mmoja, likawagawa wanafunzi wake katika ujenzi, umeme na mitambo. Siwalaumu waliofanya hivyo, maana haja ilikuwa kubwa na watu walikuwa wachache. Lakini mgawanyo huo umetuzoesha kumwuliza mhandisi, karibu kabla ya jina lake, yeye ni mhandisi wa nini.

Na Bagamoyo tuna la kwetu zaidi, nalo ni bandari. Tangu mkataba wa awali wa bandari ya Mbegani ulipotiwa saini mwaka 2013, na jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, nimesikia wazazi wakiwausia watoto wasome mambo ya bandari na si mengine, maadam bandari iko mlangoni. Hata mwaka 2019 serikali ilipoyakataa masharti ya wawekezaji na mradi ukasimama, wasia ule ukabaki hauna pa kushika. Mazungumzo yamefufuliwa tangu 2021, nami naomba yafike heri, ila simshauri mtu kukata kanzu ya maisha yake kwa kipimo cha mradi mmoja. Mji uliopoteza makao ya serikali ya Wajerumani mwaka 1891, yakahamia Dar es Salaam kwenye bandari ya kina kirefu ilhali ufuko wetu hauna maji ya kutosha meli kubwa, ungepaswa kulijua hili bila ya kukumbushwa.

Tazameni badala yake kazi ambayo ipo leo. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini umejengwa kutoa lita milioni 270 kwa siku, na maji hayo husukumwa kwa pampu hata yakafika Bagamoyo na Dar es Salaam. Sasa chukulieni kwamba umeme umekatika ghafla. Pampu husimama, lakini maji yaliyo mbele yake bombani, yakiwa na uzito na kasi, hayasimami nayo. Huendelea kwenda, yakaacha utupu nyuma yake, kisha hurudi kwa kishindo kinachoweza kupasua bomba au kuvunja vali. Jambo hilo ni la fani gani? Aliyesoma umeme peke yake atasema ni bomba dhaifu, wa mitambo atautaja umeme, wa ujenzi atamtazama wa mitambo, na wakazi wa Tegeta watabeba ndoo. Aliyesomeshwa yote matatu katika darasa moja huliona kuwa ni jambo moja, akaweka tangi la kuupokea msukosuko ule au gurudumu zito la kuifanya pampu ipungue mwendo polepole.

Kadhalika zege la pwani. Upepo wa chumvi hupenya ndani yake, hula nondo, na kutu ya nondo huvimba hata ikapasua kilichoizunguka. Nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko katika mji mkongwe hazina nondo za kuliwa hivyo. Kuyafahamu hayo kunataka kemia pamoja na elimu ya majengo, na mashamba ya chumvi ya Nunge, yenye pampu na injini zinazoshindana na chumvi hiyo hiyo, yanamtaka mtu wa namna hiyo kuliko yanavyomtaka bingwa wa tawi moja.

Haya ndiyo mema ya uhandisi wa jumla. Ukweli wa ajira nao ni huu, kwamba matangazo ya Sekretarieti ya Ajira humtaja mhandisi kwa tawi lake, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo husajili kwa tawi. Mwenye cheti kilichoandikwa uhandisi tu, pasipo zaidi, atakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Huku Uingereza wenzake huajiriwa na kampuni za ushauri, za nishati, hata na mabenki yanayopenda watu wa hesabu (jambo ambalo mimi naliona ni hasara kwa madaraja). Huko nyumbani mlango ni mwembamba zaidi. Kwa hiyo aende, ila miaka ya mwisho aelemee tawi moja waziwazi, achukue kozi ya miaka minne kama ilivyo ya Mlimani badala ya ile ya mitatu, ahifadhi mihtasari ya kila somo, na akirudi aitambulishe shahada yake kwa Tume ya Vyuo Vikuu, kisha aombe kuingia katika mpango wa Bodi wa kuwalea wahitimu kazini, ulioanza mwaka 2003, ambao kwa miaka mitatu humweka chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu.

Limebaki la fedha, nalo nalisema kwa ukali kidogo, mnisamehe wazee wangu. Ada ya mgeni huku ni mara tatu ya mwenyeji, au zaidi. Kwa asiye na ufadhili, lisiuzwe shamba la Kerege wala la Mapinga ili aje. Mlimani, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha Mbeya vinatoa wahandisi, na kijana akisoma mitambo huko huku akiazima vitabu vya umeme kwa mwenzake wa bweni, hajapungukiwa sana. Mwenye ufadhili na anitumie orodha ya masomo ya mwaka wa tatu na wa nne kabla hajatia saini chochote, nami nitamjibu kwa maandishi masomo hayo yanamwelekeza kwenye tawi lipi.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Dunda, aliye ughaibuni.