Mhadhara wa Regensburg: Tulijibu kwa Hasira, Tukajibu kwa Elimu

Vijana wetu walioko vyuoni hutuuliza: tufanye nini pale wasomi wa Kanisa Katoliki wanapotoa mihadhara ya hadhara juu ya falsafa na teolojia yao, kisha wakaugusa Uislamu? Tuhudhurie, tususie au tuandamane? Kabla ya kujibu, tuurejee mhadhara mmoja ambao umma wetu uliujibu kwa njia mbili.

Tarehe 12 Septemba 2006, Papa Benedict wa 16 alizungumza katika Chuo Kikuu cha Regensburg, Ujerumani, alikokuwa mwalimu wa teolojia zamani. Mada ilikuwa imani na akili. Sehemu kubwa iliwalenga wasomi wa Ulaya wanaodai kuwa elimu haina nafasi ya Mungu. Lakini mwanzoni alinukuu maneno ya Manuel wa Pili, mfalme wa Bizanti wa karne ya 14, yaliyomkashifu Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) na kudai kuwa aliamuru dini ienezwe kwa upanga.

Waislamu waliumia, na walikuwa na haki ya kuumia. Lakini baadhi walivuka mipaka. Makanisa yalishambuliwa huko Palestina. Tarehe 17 Septemba mjini Mogadishu, Sista Leonella Sgorbati, mtawa wa Kiitaliano aliyefanya kazi Kenya kwa miaka mingi na aliyekuwa akifundisha wauguzi, aliuawa kwa risasi pamoja na mlinzi wake Msomali. Wengi waliyahusisha mauaji hayo na hasira za Regensburg. Tujiulize: mwanamke huyo alikosa nini? Na je, damu yake ilikanusha tuhuma ya upanga, au iliwapa hoja walioitoa?

Jibu la pili lilikuja Oktoba mwaka huo huo. Wanazuoni 38 wa nchi na madhehebu mbalimbali, wakiwemo Mufti wa Misri Ali Gomaa na Mufti wa Bosnia Mustafa Ceric, walimwandikia Papa barua ya wazi. Hawakutukana. Walichukua hoja zake moja moja. Papa alisema aya ya 256 ya Suratul Baqara, inayokataza kulazimishana katika dini, ni ya wakati Mtume (S.A.W.) hakuwa na nguvu. Wao wakabainisha kuwa iliteremka Madina, Waislamu walipokuwa wakipata nguvu. Papa alimtegemea Ibn Hazm kuonesha kuwa Mungu wa Waislamu hafungwi na akili. Wakamkumbusha kuwa Ibn Hazm alikuwa wa madhehebu ya Dhahiri, ambayo leo haifuatwi na yeyote.

Papa alikuwa ameshaeleza kuwa maneno ya mfalme yule si maoni yake, na Novemba alizuru Msikiti wa Buluu, Istanbul. Mwaka 2007 wanazuoni 138 waliandika barua nyingine, Neno la Sawa, na Novemba 2008 pande mbili zikakutana Roma.

Lipo jambo jingine lililofunikwa na ghadhabu. Mada ya imani na akili si ngeni kwetu. Ibn Rushd aliandika kuwa sheria na hekima havipingani. Thomas Aquinas, nguzo ya falsafa ya Kikatoliki, alimsoma yeye na Ibn Sina, akakubali baadhi ya hoja zao na kupinga nyingine. Anayeijua turathi hii huingia ukumbini bila unyonge.

Basi tunawaambia vijana: asiyeijua vyema akida yake aanze kwa masheikh wake. Mwenye msingi, akihudhuria, ausikilize mhadhara wote, si kipande kilichokatwa, kisha aulize kwa adabu na asiloliweza alirudishe kwa wanazuoni. Suratun Nahl, aya ya 125, imeshatuelekeza: hekima, mawaidha mema na kujadiliana kwa njia iliyo bora.

Wabillahi tawfiq.