Haja ya Kufuli Katika Programu za Fedha

Vingunguti, Dar es Salaam, ni mahali pajulikanapo kwa machinjio yake. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, mfanyabiashara wa nyama aweza kulipwa na mteja aliye mbali. Asichokishika mkononi hukisoma katika salio la simu yake. Hapana budi salio hilo liwe la kweli.

Programu itunzayo hesabu hizo hufanya kazi nyingi kwa pamoja. Kila mfululizo wa kazi huitwa uzi, na nyuzi hushiriki kumbukumbu moja. Ichukuliwe kwamba salio ni shilingi 100,000, na wateja wawili wanalipa kwa wakati mmoja: mmoja shilingi 20,000, mwingine 30,000. Uzi wa kwanza husoma 100,000. Kabla haujaandika jibu, wa pili nao husoma 100,000. Wa kwanza huandika 120,000. Wa pili huandika 130,000 juu yake. Salio lilipaswa kuwa 150,000. Shilingi 20,000 zimepotea, wala hakuna mwizi, wala kosa la kujumlisha.

Dawa yajulikana tangu mwaka 1965, Mholanzi Edsger Dijkstra alipochapisha njia ya kuhakikisha kwamba shughuli moja tu huingia sehemu ya hatari kwa wakati mmoja. Uzi hufunga kufuli la akaunti, husoma, hujumlisha, huandika, ndipo hufungua. Mwingine hungoja zamu. Lakini shughuli mbili zikishika kila moja kufuli ambalo nyingine inalingoja, zote hukwama. Yafaa basi makufuli yafungwe daima kwa mpangilio mmoja, mathalani kwa kufuata namba za akaunti.

Wapo wasemao kwamba majaribio yatosha. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani kosa hili huzuka pale tu nyakati zinapogongana, na laweza kujificha katika majaribio maelfu. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba Therac-25 iliwapa wagonjwa sita, huko Marekani na Kanada, mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Miongoni mwa sababu zilikuwa sehemu za programu zilizoshiriki data bila kinga.

Kwa hiyo, vyuo vifundishe jambo hili mapema, na taasisi zinunuazo programu zidai kuonyeshwa kwa maandishi ni data zipi zinazoshirikiwa na ni kinga gani inayozilinda, kabla programu haijapokea shilingi ya kwanza ya mwananchi.