«Raia wasio na hatia»: kwani wenye hatia ni wepi?

Kila kunapotokea shambulio wilayani Beni, sisi waandishi wa habari tunarudia sentensi ile ile: «Raia wasio na hatia wameuawa.» Tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, nimeiandika hadi vidole vinaijua vyenyewe. Juzi mama mmoja muuza ndizi hapa Butembo akaniuliza: «Mwanangu, kwani kuna raia wenye hatia, ambao ni sawa kukatwa mapanga?» Nikakosa jibu.

Waingereza na Wafaransa wanasema «innocent», jina ambalo vijana wengi wa kwetu wamebatizwa. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni asiyedhuru. Kwa maana hiyo, mkulima anayeuawa katika shamba lake la kakao anaitwa hivyo kwa haki: hakushika silaha, hakudhuru mtu. Lakini Kiswahili chetu kilichukua «hatia», neno lililotoka Kiarabu, lenye harufu ya dhambi na ya korti. Tukiandika «wasio na hatia», ni kama tumewafungulia marehemu kesi kisha tukawaachilia. Mikataba ya Geneva ya 1949 haiulizi kama raia ni mwema. Hata mlevi, hata mwenye madeni, ni raia, na haruhusiwi kuuawa. «Raia» inatosha.

Kibaya zaidi, pale neno hili linapohitajika kweli tunalisahau. Kifungu cha 17 cha Katiba yetu ya 2006 kinasema kila mshtakiwa anahesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Sheria hiyo haikufutwa tarehe 6 Mei 2021, utawala wa kijeshi ulipoanza Kivu Kaskazini na Ituri na kesi za jinai za raia zikapelekwa kwenye mahakama za kijeshi. Lakini tunaonyeshwa vijana wameketishwa chini mbele ya kamera, nasi tunaandika mara moja: «Magaidi wamekamatwa.» Wafungwa zaidi ya 1,300 walipotoroka gereza la Kangbayi, Beni, tarehe 20 Oktoba 2020, ilikuwa rahisi kuwaita wote wahalifu, wakati katika magereza ya nchi hii wengi wanangoja tu kuhukumiwa.

Nami nimo. Niliwahi kumwita kijana mmoja «mshirika wa ADF» kwa sababu afisa alisema hivyo. Baada ya majuma machache akaachiliwa bila mashtaka. Hakurudi mtaani kwake. Majirani walikuwa wameshasoma, na huku kwetu neno «mshirika» linaweza kuleta umati na petroli kabla ya hakimu. Siku hizi ninaandika «mshukiwa», na ninaomba tarehe ya kesi.

Niliandika sahihisho. Lilisomwa na watu wachache. Habari ya kwanza ingali inazunguka WhatsApp.