Mtoto wa mnyoo ndiye anayetaja ukoo

Mwandishi, hapo katika makala yako uliposema minyoo wa bahari wote ni jamii moja sikubaliani nawe. Mtazame balanoglosi, mnyoo laini anayechimba shimo mchangani na kuacha juu kinyesi kilichojisokota kama uzi. Kwa umbo lake, nani asingemweka fungu moja na nyungunyungu?

Mwaka 1850 mtaalamu wa wanyama Mjerumani, Johannes Müller, alieleza habari za kiluwiluwi angavu kinachoelea baharini, chenye mistari ya vijinywele vya kuogelea. Akadhani ni mtoto wa kiti cha pweza. Ilipita karibu miaka 20 ndipo mtaalamu mwingine, Elie Metchnikoff, alipoonyesha kuwa kiluwiluwi hicho hukua kikawa balanoglosi.

Kosa la Müller nalipenda sana, maana mfanano aliouona ulikuwa wa undugu wa kweli. Vinasaba vimethibitisha: jamaa wa karibu wa mnyoo huyu ni viti vya pweza na majongoo bahari, hao hao wanaookotwa mwambao wetu maji yakitoka. Tena mwaka 1866 mtaalamu Alexander Kowalevsky alimkuta balanoglosi na matundu kooni, mfano wa matamvua ya samaki. Basi ukoo wake uko upande wetu sisi wenye uti wa mgongo. Nyungunyungu yuko mbali, upande wa konokono na chaza.

Tafadhali, makala ijayo ianze na viluwiluwi, ndipo ifike kwa minyoo wazima.