Bakora Si Dawa ya Mtoto Asiyetulia

Tarehe 23 Septemba 1964, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kwamba elimu itatolewa bure kwa watoto wote wa Unguja na Pemba. Tangazo hilo lilimfungulia mlango wa skuli mtoto wa mkulima na wa mvuvi. Tangu siku ile, wajibu wetu umekuwa ni kuhakikisha kwamba aliyeingia kwa mlango huo hatolewi kwa mlango wa uani. Leo tunapenda kulizungumzia kundi moja la watoto wanaotolewa kwa njia hiyo, bila ya barua wala tangazo.

Kila mwalimu anawajua watoto hao. Hawakai kitako. Hujibu suali kabla halijamalizika, humkatiza mwenzao maneno, hupoteza kalamu leo na daftari kesho. Mtoto wa aina hii akitumwa dukani, hurudi mikono mitupu, hakumbuki alichotumwa. Chuoni wenzake wameshavuka juzuu, naye yu pale pale, ingawa ulimi wake ni mwepesi na akili yake si pungufu. Huitwa mtundu, kichwa maji, au mwenye shetani. Hupigwa nyumbani, hupigwa skuli, hupigwa chuoni. Mwisho jina lake hukatwa katika daftari la mahudhurio, naye huonekana bandarini akibeba mizigo ya watu wazima.

Yapasa ieleweke kwamba wengine miongoni mwa watoto hao wana hali inayojulikana katika elimu ya utabibu. Ni upungufu wa makini na utukutu uliokithiri, ambao madaktari huuita kwa herufi ADHD. Si jambo lililozuka jana. Mwaka 1902, daktari wa watoto George Still aliwahutubia matabibu wenzake mjini London juu ya watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia. Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka hali hii katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Inakadiriwa kwamba duniani watoto kiasi cha 5 katika kila 100 wanayo. Kwa kadiri hiyo, darasa lenye watoto 60 laweza kuwa na watatu.

Asili yake si malezi mabaya, wala si sukari, wala si pepo. Utafiti uliofanywa kwa mapacha unaonesha kwamba sehemu kubwa ya hali hii hurithiwa, na kuzaliwa kabla ya wakati au kwa uzito mdogo huongeza uwezekano wake. Mwaka 2007, watafiti wa Marekani walionesha kwa picha za ubongo kwamba kwa watoto hawa sehemu zinazohusika na kujizuia na kupanga mambo huchelewa kukomaa, kwa wastani wa miaka 3 hivi. Basi anayemchapa mtoto wa miaka 9 kwa kukosa utulivu wa mwenye miaka 9, pengine anadai deni ambalo mtoto bado hana cha kulipia.

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Hatuipingi hekima hiyo. Lakini kukunja si kuvunja, na mkunjaji hana budi kumjua samaki aliye mkononi mwake. Fimbo humfundisha mtoto anayeweza kutulia na hataki, kama kweli humfundisha. Kwa yule anayetaka na hawezi, humfundisha jambo moja tu, nalo ni kuichukia skuli. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 ilitungwa ili mtoto alindwe, na dini yetu inatukumbusha kuwa mtoto ni amana. Amana hairejeshwi na majeraha.

Hata hivyo, tusiruke jivu tukakanyaga moto. Si kila mtoto mchangamfu ni mgonjwa. Hakimu wa jambo hili ni mtaalamu, naye hutazama mambo mengi: dalili zianze utotoni, kabla ya miaka 12, zidumu kwa miezi 6 au zaidi, zionekane mahala zaidi ya pamoja, kama vile nyumbani na skuli, na ziwe zinamzuia mtoto kuishi na kujifunza. Kabla ya hapo, masikio na macho yapimwe, na iulizwe kama mtoto analala vya kutosha, kama ana kifafa, au kama amepatwa na msiba au mateso. Mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana kama asiyejali.

Wapo pia wanaosahauliwa kwa sababu hawasumbui mtu. Mtoto wa kike aliyekaa kimya pembeni, macho ubaoni na fikra baharini, huambiwa ni mzito wa kufahamu, na hakuna anayeuliza zaidi. Aidha hali hii haimalizwi na kubaleghe. Wengi hukua nayo, na inakadiriwa kuwa watu wazima 2 au 3 katika kila 100 wanayo. Katika ofisi zetu yumo mtumishi hodari wa maneno ambaye meza yake imejaa mafaili aliyoyaanza bila ya kuyamaliza, husahau miadi, na huhama kazi moja hadi nyingine. Kabla ya kumwita mvivu, mkuu wake ajaribu kumpa kazi moja baada ya moja, kwa maandishi na kwa muda uliotajwa.

Tiba ipo. Zipo dawa, kama vile methilfenideti, zinazowasaidia wengi. Hutolewa kwa amri na uangalizi wa daktari, kwani huweza kupunguza hamu ya kula na usingizi. Lakini yapo mengi yasiyohitaji hata senti moja. Mtoto akae mbele, karibu na mwalimu na mbali na dirisha. Apewe agizo moja kwa wakati mmoja, na kazi ndefu ikatwe vipande. Atumwe kufuta ubao au kugawa madaftari ili mwili wake upate nafasi ya kujongea. Akifanya vyema, asifiwe pale pale, si mwisho wa muhula.

Kwa hiyo tunasema yafuatayo. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iifanye elimu hii kuwa sehemu ya mafunzo katika Vituo vya Walimu, Unguja na Pemba. Walimu wa vyuo vya Kurani nao washirikishwe, kwa kushauriana na Ofisi ya Mufti, kwani wao humpokea mtoto kabla ya skuli. Wizara ya Afya ihakikishe kwamba katika kila wilaya yupo mhudumu aliyefunzwa kuzitambua dalili, ili mzazi wa Micheweni au Makunduchi asilazimike kufunga safari ya mjini kwa suali lake la kwanza. Masheha wawape wazazi moyo wa kwenda hospitali bila ya haya, kwani kumwona daktari wa akili si kutangaziwa wendawazimu. Na kila mwalimu mkuu, kabla ya kulikata jina la mtoto, aandike ni msaada gani aliopewa mtoto huyo na kwa muda gani. Ukurasa huo ukiwa mtupu, jina lisikatwe.